Kijiji Kilichofuta Tarehe

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Mbuyuni, na barua zote za kijiji hicho zilibebwa na njiwa. Njiwa ni watumishi waaminifu, ila huona kiu upesi, kwa hiyo njiani palikuwa na kituo cha kuwapumzisha, chenye maji, mtama na kivuli. Mwenye kituo alikuwa Bwana Fisi. Aliwapokea kwa ukarimu, akawafungua barua miguuni wapumue vizuri, akazisoma, akazikunja upya kwa mikunjo ileile, akazifunga mahali pake. Hakuwahi kupoteza barua hata moja, na kijiji kilimsifu kwa hilo.

Mara mojamoja mambo yalitokea. Digidigi alimwandikia mganga kuhusu jeraha la mguu wa nyuma wa kushoto, na usiku uleule akakimbizwa na mtu aliyejua amzungukie upande gani. Ukoo wa Swala waliandikiana saa ya kwenda kisimani, wakamkuta kisimani mgeni aliyewatangulia. Walipolalamika, Bwana Fisi alisikitika pamoja nao. "Mimi nasoma kwa ajili ya usalama wa kijiji," alisema. "Asiye na la kuficha ataogopa nini kusomewa?" Kila mmoja alikuwa na la kuficha, yaani nyama yake mwenyewe, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Aliyeleta dawa ni Mbayuwayu. Ndege huyu huishi nusu mwaka Ulaya na nusu mwaka kwetu, hivyo habari za binadamu huzipata mbichi. Alisimulia kwamba binadamu nao wana barua pepe, na kwamba zikisafiri wazi huweza kusomwa katika kila kituo zinapopita. Mwaka 1991 Mmarekani mmoja, Phil Zimmermann, aliandika programu ya kuzifunga barua hizo, akaiita PGP, akaiachia bure. Programu ikavuka mipaka, na kuanzia mwaka 1993 serikali ya nchi yake ikawa inamchunguza kana kwamba amesafirisha silaha bila kibali. Mwaka 1995 maandishi yote ya programu hiyo yakachapwa kama kitabu, kwa kuwa nchi ileile iliyoogopa programu ivuke mpaka haikuweza kukizuia kitabu. Januari 1996 uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Baadaye Mjerumani, Werner Koch, akaandika programu ya ufundi huohuo iliyo huru kwa kila mtu, GnuPG, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 1999.

"Yaani kufuli ni silaha?" aliuliza Mzee Tembo.

"Kwa mwenye kituo cha njiwa, ndiyo," alijibu Mbayuwayu.

Kazi akapewa Kakakuona, mhunzi wa kijiji, ambaye mwili wake wote ni tangazo la kazi yake. Akamfulia kila mnyama makufuli mengi yaliyo wazi na funguo chache. Makufuli yakatundikwa kwenye mbuyu, kila mmoja na tawi lake. Ukitaka kumwandikia Tembo, unachukua kufuli la Tembo mbuyuni, unatia barua katika kibweta, unalibana. Tangu hapo hata wewe uliyeandika huwezi kukifungua. Anayeweza ni Tembo peke yake, kwa ufunguo ambao hajawahi kumshikisha mtu. Juu ya kila kufuli palichorwa alama 40 za herufi na tarakimu. Mwenye kufuli alizisoma kwa kinywa chake mbele ya jirani, ili siku Fisi akitundika kufuli lake kwenye tawi la Tembo, jirani alinganishe alama asidanganyike na jina.

Funguo zilikuwa za daraja mbili. Ufunguo mkuu haukufungua barua yoyote. Kazi yake ilikuwa kupiga muhuri usemao kwamba kufuli hili ni langu na linafaa hadi tarehe fulani. "Huu utieni mtungini, mfukie mbali na nyumba," aliagiza Kakakuona, "mchimbue siku ya kupiga muhuri tu. Hizi ndogo za kufungulia barua ndizo za kuvaa shingoni."

Kisha akampa kila mmoja karatasi iliyokwisha kutiwa muhuri, yenye maneno haya: Kufuli hili si langu tena, msilitumie. Wanakijiji wakaipa jina la talaka.

"Talaka inaandikwa siku ya harusi?" aliuliza Mama Pundamilia.

"Siku utakayoihitaji, mama, huenda ufunguo wa kuiandikia usiwe nao. Hata hiyo programu ya Mjerumani siku hizi huiandaa yenyewe, pale tu ufunguo unapozaliwa."

Lililozua maneno ni tarehe. Makufuli mengi yaliandikiwa miaka 2, na Nyani alitaka kujua kama baada ya miaka hiyo Kakakuona atawauzia mengine.

"Simuuzii mtu," alisema Kakakuona. "Tarehe ikikaribia, chimbua ufunguo mkuu, piga muhuri wenye tarehe ya mbele, tundika mbuyuni. Kufuli ni lilelile, alama 40 ni zilezile, funguo ni zilezile. Hata ukichelewa tarehe ikapita, bado utapiga muhuri na kufuli litarudi kazini. Na barua ulizokwisha kupokea utaendelea kuzifungua, maana tarehe humzuia anayefunga, haimzuii anayefungua."

"Sasa faida yake nini?"

"Kila baada ya muda kijiji kinakuuliza: ungali hai, na mtungi wako wajua ulipo? Usipojibu, watu waache kukuandikia."

Nyani akasema swali la namna hiyo ni dharau.

Mafunzo yalikula alasiri nzima, na wengi walitoka wakitikisa vichwa kwa namna ambayo haikujulikana ni ya kuelewa au ya kuchoka. Mbayuwayu akawafariji. Mwaka 1999, alisema, watafiti wawili, Whitten na Tygar, waliwapa watu 12 programu ya PGP na dakika 90 watume barua iliyofungwa na kutiwa sahihi. Theluthi moja tu ndio waliofaulu, na baadhi ya hao 12 waliituma siri yenyewe ikiwa wazi.

"Maskini binadamu," alisema Nyani kwa huruma, huku akiuweka ufunguo wake mkuu katika kibweta pamoja na funguo zake ndogo na karanga, kisha akakibana kwa kufuli lake mwenyewe.

Miaka 2 ikapita. Aliyegundua wa kwanza ni Bi Kanga, karani wa kikundi cha kisima. Alichukua kufuli la Mzee Tembo ili amtumie hesabu za mwezi, akalibana, likagoma. Akabana tena, likagoma. Akalifuta vumbi kwa bawa, akasoma tarehe: ilikuwa ya jana. Mbuni, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akachungulia, akaondoka mbio kwenda kuwaambia wengine kwamba la Mzee Tembo limekwisha. Habari hiyo ilipomfikia Mbweha ilikuwa imeshapoteza kufuli na kubaki na Tembo.

Kufikia alasiri mikeka ilikuwa imetandikwa, sufuria za pilau ziko jikoni, na kina mama wanalia kwa zamu. Tembo naye, kwa kuwa ni mtu wa watu, alifika kuhani. Akatoa rambirambi, akala, akanawa, ndipo akamwinamia Kiboko aliyeshika daftari la michango.

"Marehemu ni nani hasa?"

Kiboko akafunua ukurasa wa kwanza. "Ni wewe, mzee."

Tembo akatafakari. "Na mimi nimeandikiwa nimetoa ngapi?"

Alipokwisha kurudishiwa mchango wake alikwenda kuchimbua mtungi, akapiga muhuri mpya wa miaka 2, akalitundika kufuli kwenye mlango wa nyumba yake, akalala kwa amani. Kesho yake Bi Kanga alirudi mbuyuni akakuta lilelile la zamani, likagoma vilevile. Akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee. Muhuri mpya uko mlangoni kwako, nasi makufuli tunayachukua mbuyuni."

"Marahaba, mwanangu. Anayetaka kuniandikia si apite hapa alichukue?"

"Akishapita hapa ataongea nawe, mzee. Barua ya nini tena?"

Tembo aliona neno hilo lina mantiki, akalihamishia mbuyuni. Hata hivyo waliokuwa wameweka akiba ya makufuli ya Tembo majumbani waliendelea kugomewa wiki nzima, kila mmoja akimtukana Tembo kimoyomoyo, mpaka walipopata wazo la kwenda mbuyuni kubadilisha.

Sungura yeye hakupiga muhuri. Alisema kuhuisha cha zamani ni kazi ya wazee, akafuliwa kufuli jipya lenye alama 40 mpya, na funguo za zamani akazitupa mtoni asije akachanganya. Jioni hiyo alitaka kusoma mapatano yake na Ngiri juu ya shamba la karanga. Mapatano yalikuwa yamekuja kwa barua, na barua ilikuwa ndani ya kibweta chenye kufuli la zamani. Akarudi mtoni akamwuliza Mamba kwa heshima kama ameona funguo. Mamba akamjibu kwamba maji ni maangavu, ashuke aangalie mwenyewe.

Sungura alipenda mapya, kwa hiyo kabla ya mwezi kwisha tawi lake lilikuwa na makufuli manne. Matatu aliyatambua. La nne alidhani ni lake pia, amesahau tu. Bi Kanga ndiye aliyelinganisha alama moja baada ya nyingine, akalishusha. Bwana Fisi alisema ulikuwa mzaha.

Basi likaitwa Baraza la dharura. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo, ambaye hakupenda yale matanga yajirudie, na mtoa hoja alikuwa Nyani.

"Ndugu wajumbe," alisema Nyani, "mlima huu una tarehe ya kwisha? Mto una tarehe ya kwisha? Iweje kufuli la mnyama huru lipangiwe siku ya kufa? Sisi si watoto wa kuulizwa kila mara kama tupo. Tupo!"

Wajumbe wakapiga meza. Bwana Fisi, aliyealikwa kama mdau wa mawasiliano, alileta soda kwa wote, akasema kwamba makufuli yamemharibia kituo chake lakini maslahi ya umma yanatangulia, naye anaunga mkono tarehe zifutwe. Bi Kanga akanyoosha bawa. Alisema kufuli lisilo na tarehe halina njia ya kuwaambia watu kwamba mwenyewe hayupo. Mwenyekiti akajibu kwamba hoja imepokelewa, na hoja ikalala palepale ilipopokelewa.

Azimio lilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza, tarehe zote zifutwe, na kila kufuli lipigwe muhuri wa milele. Cha pili, talaka zote zichomwe moto, kwa kuwa kufuli la milele halina sababu ya kuachwa. Kila mmoja akachimbua mtungi wake, isipokuwa Nyani, aliyesema mkono unamuuma. Ikawa siku ya pekee katika historia ya Mbuyuni ambapo kijiji kizima kilipiga muhuri kwa wakati. Posho zikalipwa.

Mvua za masika zilikuwa kubwa mwaka huo. Maji yaliingia shimoni kwa Ngiri yakaondoka na funguo zake ndogo, na mtungi pia, kwa kuwa aliufukia ndani ya shimo hilohilo apunguze mwendo. Yeye alipona. Kufuli lake nalo lilipona, la milele, likiwa mbuyuni na muhuri wake safi. Hakuwa na ufunguo wa kufungulia, hakuwa na wa kupigia muhuri, na talaka yake ilikuwa jivu. Aliyekuwa karibu alimsikia akipiga kelele chini ya mbuyu kwamba asiandikiwe kwa kufuli hilo. Waliokuwa mbali waliendelea kuandika, na njiwa waliendelea kuleta. Vibweta vikajaa uani hadi akaanza kuvipanga kama matofali. Kimojawapo kilikuwa na barua ya Sungura ya kuomba nakala ya mapatano ya shamba. Sungura hakujibiwa, akahesabu kwamba amedharauliwa, akafungua kesi. Ikawa kesi ya watu wawili wenye ushahidi mmoja, kila mmoja ameushika mkononi na hakuna awezaye kuusoma.

Hilo la Ngiri lilikuwa hasara, na hasara watu huizoea. La Pundamilia lilikuwa jingine.

Mzee Pundamilia alitoka jioni moja kwenda malishoni, hakurudi. Bwana Fisi alizikuta funguo zake ndogo majanini, karibu na mifupa ambayo hakuieleza kwa mtu. Tangu siku hiyo kila kibweta kilichokwenda kwa Pundamilia kilifunguliwa kituoni bila kuvunjwa, na kila aliyeandika alijibiwa. Ukweli usemwe, Pundamilia hakuwahi kujibu barua kwa adabu kama alivyojibu baada ya kufa. Aliyeuliza wakutane wapi alitajiwa mahali. Aliyeuliza saa alitajiwa saa, pamoja na ushauri aje peke yake ili wasipate msongamano. Kikundi cha kisima kikawa kinapungua mkutano hadi mkutano, na katika muhtasari, mbele ya majina ya wasiofika, karani wa zamu aliandika neno moja: udhuru.

Bi Kanga aliporudi zamu alizisoma barua za Pundamilia zote kwa mfululizo. Alizisoma mara mbili. Kisha akaenda kwa Mama Pundamilia.

"Mama, baba aliwahi kuandika barua bila kulalamikia magoti yake?"

"Hata barua ya posa aliyonipelekea ilikuwa na magoti."

"Hizi tano hazina goti hata moja."

Mama Pundamilia akazitazama kwa muda. "Nami nashangaa," alisema. "Kama anaandika, mbona nyumbani haandiki?"

Kisha akafungua fundo katika upindo wa leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa talaka. Bi Kanga akauliza kwa nini haikuchomwa, ilhali Baraza lilikwisha kuamuru.

"Mwanangu, talaka ni ya aliyekabidhiwa. Tangu lini Baraza likachoma ya mtu?"

Wakaenda pamoja mbuyuni, wakaibandika juu ya kufuli la marehemu. Tangu alasiri ile kila aliyelichukua liligoma mkononi mwake, na kila aliyepita mbuyuni alirudi nyumbani akatupa akiba yake. Fisi alibaki na funguo, na barua alizokwisha kusoma zilibaki zimesomwa. Talaka huzuia barua ya kesho. Swala wa jana haimrudishi.

Vijana wa Nyani hawakufurahi kuona mwanamke mmoja ameliaibisha Baraza. Siku zile mtu yeyote aliruhusiwa kutundika muhuri wake juu ya kufuli la mwenzake, ushahidi kwamba anamtambua, na uliotundikwa haukuondolewa kamwe. Usiku mmoja wakatundika mihuri ya upuuzi juu ya kufuli la Bi Kanga, maelfu kwa maelfu, mpaka likawa zito kiasi kwamba aliyejaribu kulichukua alianguka nalo. Mbayuwayu aliporejea aliwaambia wasijione wabunifu. Mwaka 2019 binadamu walifanyiana hivyohivyo kwenye seva zao za kutunzia funguo: watu wawili waliojulikana sana katika ufundi huo walirundikiwa sahihi za takataka kwa makumi ya maelfu, hata programu zilizojaribu kupakua funguo zao zikakwama. Mwaka huohuo seva mpya, keys.openpgp.org, ikaanza kazi. Hiyo humwandikia kwanza mwenye anwani athibitishe kwamba ndiye, na sahihi za watu baki haizisambazi. Kakakuona akamweka Bundi mbuyuni afanye kazi ya namna hiyo, na kufuli la Bi Kanga likapungua uzito.

Baraza likakutana tena. Nyani alijitetea kwa hoja ambayo, tofauti na zake nyingine, ilikuwa na nusu ya ukweli.

"Hata tarehe ingekuwepo," alisema, "mwizi mwenye funguo si angejipigia muhuri mwenyewe?"

"Angeupata ufunguo mkuu, ndiyo," alisema Kakakuona. "Angesogeza tarehe atakavyo, isiwafae kitu. Lakini ufunguo mkuu wa Pundamilia uko mtungini chini ya mgunga. Nimetoka kuuangalia. Fisi alipata funguo ndogo, na funguo ndogo hazisogezi tarehe hata siku moja. Marehemu alikuwa mwoga, akijiandikia mwaka 1 tu, siyo 2. Muhuri wake wa zamani, ule mliomlazimisha aufute, ungekwisha kabla ya mikutano minne ya mwisho. Chukueni muhtasari, hesabuni wenye udhuru."

Hakuna aliyechukua muhtasari.

"Tarehe ni kinga ya aliyekufa na aliyepoteza," aliendelea Kakakuona. "Talaka ni kinga ya aliyeibiwa. Ninyi mlizifuta zote mbili kwa kikao kimoja, na soda mkanywa."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mnyama yeyote aliyewahi kuishi na tarehe bila matatizo. Macho yakamwendea Bi Kanga. Yeye hakuwa na hotuba. Alisema kufuli lake huliandikia mwaka 1. Tarehe ya kuhuisha ameipanga mwezi mmoja kabla ya ile ya mwisho, nayo ameiandika ukutani pale anapoandika siku za kuatamia, mahali ambapo hawezi kuacha kutazama. Siku hiyo hubandika maharage jikoni, huenda kuchimbua mtungi, hupiga muhuri wa kufuli na wa funguo ndogo pia, kwa kuwa nazo zina tarehe zake na wengi huzisahau. Hutundika mbuyuni, kisha humtuma mwanawe alichukue kufuli mbuyuni kama mgeni na kulijaribu. Ufunguo wa zamani hautupi hata akiacha kuutumia, kwa kuwa barua za zamani hazina mwingine wa kuzifungua. Nakala ya ufunguo mkuu iko katika mtungi wa pili kwa dada yake ng'ambo ya mto, na talaka iko kwa shangazi, asiyejua kusoma lakini anajua kutunza.

"Na inakuchukua muda gani?" aliuliza Tembo.

"Narudi maharage hayajaiva, mzee."

Wajumbe walivunjika moyo kidogo. Walitegemea jambo kubwa zaidi, lenye bajeti.

Hata hivyo walilipatia bajeti. Azimio la kufuta tarehe likafutwa, na sifa za kulifuta zikaenda kwa waliolipitisha. Ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Uhuishaji, mwenyekiti wake Nyani, kwa kuwa ana uzoefu wa suala. Ikatangazwa Siku ya Kufuli, yenye maandamano, fulana na ngoma, ambapo wanyama wote watahuisha makufuli yao kwa pamoja mbele ya mgeni rasmi. Bi Kanga aliuliza itakuwaje kwa wale ambao tarehe zao zinakwisha kabla ya Siku hiyo. Akaambiwa wavute subira, maandalizi yanaendelea. Mgeni rasmi alikuwa hajapatikana, lakini Bwana Fisi alishakubali kudhamini fulana.

Na kwa kuwa vibweta vilikuwa vimeanza kugoma hapa na pale, Bwana Fisi akaongeza huduma nyingine ya bure. Alipita mbuyuni kila asubuhi, na alipomkuta mtu anahangaika na kufuli lililopitwa na tarehe, alimsogelea kwa upole. "Mwenzako hajahuisha? Usijisumbue. Mwandikie wazi leo tu, kesho atapiga muhuri." Hakumlazimisha mtu. Wengi walimshukuru, wakafunga barua miguuni mwa njiwa kama zamani, na kituo chake kikapata wateja wengi kuliko miaka ile ambayo makufuli hayajafika.

Kikao kilifungwa kwa dua. Muhtasari wenye maazimio yote ya usalama, pamoja na orodha ya mitungi iliyokaguliwa na mahali ilipofukiwa, ulitumwa kwa wajumbe siku iliyofuata. Ulitumwa bila kufuli, kwa sababu wajumbe saba kati ya kumi na wawili tarehe zao zilikuwa zimepita. Bwana Fisi aliusoma kabla yao, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, akaukunja vizuri, akauruhusu uendelee na safari.